Shanga Nyekundu kwenye Msumari

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara, maduka ya dawa na zahanati za watu binafsi ziliota Morogoro mjini kama uyoga. Ndiko nilikolijua jina la ugonjwa wangu. Kabla ya hapo niliambiwa kaswende, nikachomwa sindano, vidonda vikakauka na kurudi palepale. Daktari wa zahanati mpya akasema ni malengelenge ya sehemu za siri, hayaponi, yanatulizwa. Nikamuuliza sasa nalipia nini. Akacheka; mimi sikucheka.

Nilipima ukimwi, nikakutwa salama. Akanielekeza: pakianza tu kuchonyota, nianze vidonge mapema, nioshe kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, nikaushe vizuri, nisilale na mtu mpaka ngozi ijifunge. Na hata pakiwa pakavu naweza kuambukiza, kwa hiyo mchumba ajue.

Nilimwambia. Alikuwa nje ya chumba alichopanga Kihonda, anaziba pancha ya baiskeli. Akaendelea kuziba. Nikajua nimeachwa. Baada ya mavuno wazee wake wakapanda milima kwetu kuleta posa. Mpaka leo sijamwelewa mtu yule.

Tatizo lilikuwa kusema "leo hapana" kila mara. Kinywa kilikuwa kizito. Shangazi aliyenifunda nilipokuwa mwali kule milimani alinifundisha kutundika shanga karibu na kitanda: nyeupe ni karibu; nyekundu, mke yuko mwezini. Mume wangu kwao Singida, na shanga alizijua za shingoni tu. Nikamfunda mwenyewe: ukiona nyekundu kwenye msumari, iwe mwezi au malengelenge, lala zako. Alishika somo vizuri.

Asiyetulia ni mimi. Kiwanda cha nguo nilikofanya kazi kilikuwa kinapunguza watu, na kila nilipokosa usingizi kwa kuwaza kazi, hazipiti siku mbili panachonyota. Vidonge vikiadimika dukani, nabaki na chumvi na hasira. Nilimgombeza kwa kuchelewa, kwa viatu mlangoni, hata kwa kukohoa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nangoja. Siku atakayoupata ugonjwa wangu, atafunga mzigo arudi kwao. Akijikuna paja, nageuka kumtazama. Akitoka kuoga, namkagua.

"Utanitazama mpaka nichujuke," aliniambia siku moja, akavaa shati lake.

Masika moja nilirudi kutoka kazini nimelowa chapachapa. Nilipoingia chumbani, shanga nyekundu zilikuwa kwenye msumari. Asubuhi nilitundika nyeupe, kwa mkono wangu huu. Mume wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amejifunga kanga yangu badala ya suruali.

Nikamuuliza nani amegusa shanga zangu.

"Hizo leo zangu," akasema. "Tangu jana panachonyota. Leo yametoka."

Nililia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira. Siku niliyoiogopa tangu posa ilikuwa imefika, na mwenyewe ameketi katulia. Nikamwambia kama anaondoka aondoke sasa hivi, mvua inyeshe isinyeshe, asinisubirishe tena. Nikavuta begi lake uvunguni, nikamtupia miguuni.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Kisha akalisukuma begi uvunguni kwa kisigino, akainuka polepole, miguu kaitanua.

"Hayo maji yako ya chumvi," akasema, "chumvi unaweka kiasi gani?"