Mafuta ya Taa Yenye Baridi

Juzi pale Bomang'ombe muuza petroli ya chupa alinimwagia petroli viatuni. Nilimfokea, tena sana, lakini pua yangu ilishafika Kirua Vunjo, nyumbani kwa bibi, nikiwa na miaka tisa.

Nilikuwa mtoto wa kunusanusa. Mafuta ya taa niliyadondoshea kwenye daftari: karatasi inakuwa kama dirisha, unasoma maandishi ya upande wa pili, na doa halikauki hata kesho yake. Petroli ya pikipiki ya mjomba ilikuwa kitu kingine. Inatia baridi kidoleni, halafu haipo. Imekwenda wapi? Nilichapwa kwa kuharibu daftari, jibu sikupewa. Hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Masika moja kuni zote zililowa. Bibi akatoa jiko la mchina, lile la utambi na mafuta ya taa, achemshe uji wa mdogo wangu Neema, akiwa amembeba mgongoni. Nilimsaidia kujaza mafuta kutoka kwenye dumu, yakanidondokea kidoleni. Baridi.

"Bibi, usiwashe! Haya siyo ya taa."

"Umeshakuwa fundi? Lete kiberiti hapa."

Nilikuwa nacho mkononi. Nikatoka mbio, nikakitupa kwenye mfereji unaopita migombani. Bibi alinizaba kofi, sikio likavuma. Kisha akamwita mjomba alete kiberiti chake.

Mjomba akaja, akaliona dumu, akacheka. "Humo si nilimiminia petroli iliyobaki, mama? Kwani vyote haviwaki?"

Bibi hakucheka. Alimfungua Neema mgongoni, akamkumbatia, akakaa kwenye matope ya uani na kanga yake safi. Mimi hakuna aliyenipa pole. Na hata hiyo pole sikuwa na haja nayo. Nilitaka mtu aniambie ile baridi inatoka wapi.

Nilikuja kuambiwa kidato cha tatu. Mafuta ghafi huchemshwa, mwalimu alisema, mepesi yakapanda juu kwenye mnara wa kusafishia, mazito yakabaki chini. Petroli ni nyepesi kiasi kwamba haisubiri moto: inageuka mvuke palepale, inaondoka na joto la kidole chako, na mvuke huo ndio unaolipuka.

Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Nilimwona bibi ameinamia lile jiko, kichwa cha Neema kikichungulia begani kwake, ameninyooshea kiganja nimpe kiberiti.