Ratili Nne za Loretta

Loretta Kubiak alikuwa dereva wa basi la shule mjini Toledo, na kufikia miaka hamsini na mbili alikuwa amechoka kupimwa uzito. Mtaalamu wa lishe alimpunguza ratili arobaini, lakini mwaka uliofuata zikarudi zote na nyingine juu. Vidonge vya daktari vikamwondolea njaa, ila yeye hakuwa akila kwa sababu ya njaa.

Safari hii alipelekwa kwa mshauri wa kisaikolojia, mama wa makamo aitwaye Odile. Chumbani mwake hamkuwa na mizani.

"Ukiwa peke yako unakulaje?" Odile aliuliza.

Loretta akasema yote. Kila asubuhi akishawashusha watoto, alikuwa akiegesha basi nyuma ya kanisa na kumaliza maboksi mawili ya donati, harakaharaka, bila hata kusikia ladha. Halafu hufuta sukari mdomoni na kulia.

"Umeficha kwa muda gani?"

"Miaka ishirini na sita. Hakuna aliyeniuliza."

Wakaonana kila wiki kwa miezi sita. Wifi yake, Bernice, aliyemwalika chakula cha mchana, aliposikia amepungua ratili nne tu, alicheka. "Wifi, huyo mshauri anakuchezea. Rudi kwenye vidonge."

"Labda nitarudi," Loretta alijibu kwa uchovu. "Lakini wiki hii sijajificha kula, Bernice. Hata siku moja."

Bernice aliacha kucheka. Akamvutia kiti, wakanywa supu polepole.