Anayechoma Ndiye Anayekaa

Siku ya kwanza kazini niliingia karakana nikiwa na viatu vya tairi, suruali ya kuazima na uongo mmoja. Msimamizi wa Karakana, mtu mfupi mwenye viganja vipana kama beleshi, aliniuliza kabla shikamoo yangu haijatua vizuri.

"Marahaba. Umewahi kuchomelea mabomba?"

"Mengi sana, mzee. Ukiyaunga yanafika Manyoni."

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechomelea vitanda na madirisha nyuma ya soko la Singida mjini. Bomba langu la kwanza lilikuwa bado halijazaliwa. Yule mzee akanitazama, akachukua vipande viwili vya bomba na kuviweka mezani.

"Manyoni ni mbali. Anzia hapa."

Nikachoma. Ninyi vijana mnaochomelea kwa mashine ndogo za kubeba begani hamjui raha hiyo. Mashine yetu ilikuwa na ukubwa wa ng'ombe mwenye mimba, na ikiwashwa mtaa mzima taa zinafifia. Nilipomaliza, mzee aligonga kiungo kwa nyundo, akakigeuza, akaguna.

"Si kizuri, si kibaya. Kesho kitakuwa kwenye gari, na wewe utakuwa ndani yake. Hapa anayechoma ndiye anayekaa."

Niseme kwanza gari lenyewe. Kampuni iliyotuajiri ilikuwa ikitafuta madini, na wataalamu wake walitaka kufika kwenye makorongo ambako gari kubwa huzama mchangani hadi milangoni. Kwa hiyo tuliunda magari mepesi ya porini. Jina lake la kitabuni ni bagi: fremu ya mabomba, injini ndogo nyuma, viti viwili, tairi pana, hakuna mlango, hakuna bodi, hakuna aibu. Watu wa Kinyangiri, tulikopiga kambi, walimwita panzi kwa jinsi alivyoruka matuta, na jina likashika. Wanaume wanne waliweza kumnyanyua panzi. Katika simulizi zangu nilikuwa namnyanyua peke yangu, tena kwa mkono wa kushoto.

Tairi za panzi hazijazwi upepo mpaka ziimbe. Mchangani unaupunguza hadi tairi ilale kidogo, ikanyage kama kandambili iliyolegea. Hapo gari linapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Shokapu ziwe ndefu na laini. Na juu ya vichwa vya waliokaa kuna upinde, bomba nene lililokunjwa kutoka ubavu mmoja wa gari hadi mwingine. Panzi akipinduka, na hupinduka, upinde ndio unaobeba uzito. Mnaning'inia kwenye mikanda, mnafungua, mnajipangusa vumbi, mnacheka.

Hiyo ndiyo maana ya ile sheria ya karakana. Kila panzi mpya, au aliyetengenezwa, alipelekwa kwenye mteremko wa mawe nje ya mji kabla ya kurudi porini. Dereva anaendesha, na kando yake anakaa fundi aliyechoma. Wakaguzi wenye kalamu walikuwa wengi, lakini hakuna ukaguzi mkali kama wa fundi anayejua kwamba makalio yake mwenyewe ndiyo yatakayokaa pale.

Dereva wa majaribio aliitwa Yohana, mtu wa Kinampanda aliyenizidi miaka kama minane. Alikuwa mpole, na hakupenda kabisa mwendo kasi. Siku yangu ya kwanza kwenye ule mteremko nilitubu dhambi zangu zote, zilipokwisha nikatubu za majirani.

"Fundi, mbona umefumba macho?" Yohana aliniuliza.

"Naomba, kaka."

"Omba ukiwa umeyafumbua. Kama kiungo kinaachia, wewe ndiye wa kuniambia."

Sheria ya pili ilihusu maji. Sisi tuliotoka mtaani tulikuwa na tabia moja: ukimaliza kuchoma kitanda, unakimwagia maji, kinapoa papo hapo, mteja anaondoka nacho. Tabia hiyo tuliiita kunywesha. Kwa kitanda haina neno. Lakini mabomba ya panzi yalikuwa ya chuma kigumu, na chuma cha aina hiyo ukikinywesha kikiwa chekundu kinapoteza ulaini. Kwa macho kinaonekana kizima, kumbe siku ya kubeba uzito hakipindi, kinakatika. Msimamizi aliruhusu ndoo moja tu karakana, ya kunawia, tena ikae mlangoni.

"Nikiona mvuke kwenye kiungo," alisema, "nitajua kuna mtu anachimba kaburi."

Kwa hiyo nililijua jambo hilo. Mnaponisoma mjue kwamba nililijua.

Miaka hiyo nilikuwa nimeanza shule ya usiku. Mchana nakula moshi, usiku nakaa dawati moja na watu wa umri wa wadogo zangu, nikisoma Hisabati na Kiswahili kama mtu anayekimbizwa. Karakana nzima iliniita Msomi, na mimi nikajibeba hivyo, kalamu mbili mfukoni hata wakati wa kulala. Aliyefurahi kuliko wote ni fundi mwenzangu Ramadhani, mwenyeji wa Mgori, tuliyegawana meza ya kuchomelea. Mkewe, Bi Zuhura, alitupikia ugali wa mtama na mlenda, na Ramadhani alinilazimisha nimsomee gazeti wakati tunakula.

Siku ya mtihani wangu wa Hisabati wa kidato cha nne, kulikuwa na panzi mezani aliyekuja na upinde uliopasuka. Mkuu wa Kambi, bosi wetu wa Kinyangiri, alimtaka kesho yake alfajiri. Jaribio lilikuwa saa tisa mchana na mtihani saa nane. Nilimaliza kuchoma kiungo cha mwisho saa sita na nusu. Kilitakiwa kiachwe kipoe chenyewe taratibu, ndipo nikigonge, nikisugue kwa grenda na kukikabidhi. Nilikuwa peke yangu karakana, wengine wamekwenda kula. Nilitazama saa ya ukutani, nikatazama ndoo mlangoni.

Mvuke ulidumu muda mfupi sana.

Ramadhani akarudi, akanikuta nasugua.

"Msomi, bado uko hapa? Mtihani utaufanya kwa grenda?"

"Nimemaliza. Ila nani atakaa saa tisa?"

"Nitakukalia mimi. Hiki kiungo kimepoa chenyewe?"

"Kimepoa."

"Basi nenda. Ukifaulu, utaniletea jogoo mmoja. Na asiwe mgonjwa kama yule wa Krismasi!"

Nilikwenda. Sikumbuki swali hata moja la mtihani ule.

Nilirudi saa kumi na moja nikiwa na maneno tayari ya kuwasimulia, jinsi nilivyozipiga hesabu hadi karatasi ikaomba poo. Niliwakuta mafundi wamekaa chini kando ya ukuta na hakuna aliyeniangalia. Panzi alikuwa amepinduka kwenye jiwe la kawaida tulilopindukia wote. Safari hii upinde ulikatika kwenye kiungo. Yohana alitoka na mkono uliovunjika. Ramadhani hakutoka.

Tulimzika Mgori siku iliyofuata. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Baada ya siku tatu tuliitwa ofisini, mimi na Yohana. Mkuu wa Kambi alikaa mezani na karatasi zake. Msimamizi wa Karakana alisimama dirishani ameshika kile kipande cha bomba. Mahali kilipokatika palimeta chembechembe kama chumvi ya ziwani. Chuma kilichopoa vizuri hakikatiki hivyo. Huvutika kwanza, kikawa cha kijivu.

"Ulinywesha?" aliniuliza.

"Hapana."

Mimi ambaye kila sentensi yangu ilikuwa imetiwa chumvi, siku hiyo nilisema neno moja kavu, na kwa sababu lilikuwa kavu wakaliamini. Msimamizi akakiweka kipande mezani.

"Labda bomba lenyewe lilikuja na kasoro," alisema taratibu.

"Au mwendo," akasema Mkuu wa Kambi. "Dereva, ulikuwa mwendo gani?"

"Mwendo wa kutembea, bosi."

"Mwendo wa kutembea haukati chuma."

Yohana alinigeukia. Hakuwa akinishuku, alitaka tu fundi aseme kwamba upinde ule ungestahimili mwendo wowote, au usingestahimili. Nilitazama viatu vyangu. Karatasini wakaandika mwendo kasi. Yohana aliachishwa kazi, akarudi Kinampanda kulima alizeti, na kuanzia hapo Iramba nzima ikamjua kwa jina moja: dereva aliyemuua Ramadhani.

Mtihani nilifaulu. Cheti kiko sebuleni kwangu, ndani ya fremu niliyoichoma mwenyewe.

Cheti hicho kilinipandisha. Nikawa Fundi Mkuu wa kambi ya Kinyangiri, na baadaye Msimamizi, yule mzee alipostaafu. Kampuni ilipofunga shughuli nikahamia kwenye doria ya msitu upande wa Mgori, nikitunza pikipiki za magurudumu manne, ndugu wa panzi wenye usukani wa baiskeli. Huko bosi wangu, Ofisa wa Doria, alizoea kusema, "Fundi huyu akikohoa injini inawaka," nami nikaongeza kwamba nikipiga chafya inabadilisha gia. Watu walicheka. Nilichekesha watu miaka yote ile. Ila kila gari nililolichoma nilikaa ndani yake kwanza, na ndoo yoyote niliyoikuta karibu na meza niliipiga teke. Bi Zuhura nilikutana naye gulioni mara nyingi. Alinisalimia vizuri, akiniita shemeji.

Mwaka huu nimestaafu. Kwenye sherehe ya kuniaga fundi mmoja kijana alisimama akasema, "Mzee, tutakukumbuka kwa teke la ndoo." Wakaangua kicheko. Nilitaka kueleza, nikasema kwamba nilikuwa na ugomvi na maji tangu nilipobatizwa. Wakacheka zaidi. Nilirudi nyumbani na ukutani kulikuwa na kile cheti.

Keshokutwa yake nilikwenda Kinampanda. Nilimkuta Yohana uani anapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo. Amekonda, na ule mkono haunyooki.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Huyu ni Msomi? Karibu, karibu kiti."

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Aliendelea kupiga alizeti hadi nilipomaliza, kisha akatabasamu kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

"Ndugu yangu, wewe na chumvi zako. Umesikia nazeeka vibaya, umekuja kunifariji."

"Kaka, ni kweli."

"Nilikuwa kasi. Zamani nilibisha, lakini nimelifikiria jambo hili kila siku. Mwendo wa kutembea haukati chuma. Nilikuwa kasi, nilijisahau tu."

Hapo ndipo nilipojua ukubwa wa nilichofanya. Sikumnyang'anya kazi na jina peke yake. Nilimnyang'anya hata kile alichokiona kwa macho yake.

Wiki iliyofuata nilirudi na mabaki ya bomba la aina ile ile, yaliyokuwa yamelala kwenye kibanda changu. Nikamwomba Yohana tuongozane hadi kwa fundi mmoja wa pale barabarani. Niliunga vipande viwili kwa viwili. Kiungo kimoja nilikiacha juu ya tofali, tukakaa nacho saa nzima. Cha pili nilikinywesha mbele ya macho yake. Nikampa nyundo.

"Piga, kaka. Anza na hiki kilichopoa chenyewe."

Kwa mkono mzima alipiga mara sita, saba. Bomba liliguna, likapinda, likabaki limeungana. Akahamia la pili. Kwa pigo la pili tu bomba likakatika, kwa sauti kali na fupi, kama sahani iliyodondoka sakafuni.

Yohana alisimama na nyundo mkononi.

"Sauti hiyo," alisema. "Niliisikia sauti hiyo kabla ya kugusa chini."

Alikaa juu ya magogo. Alikaa mpaka fundi wa pale akamletea maji, hakuyanywa. Nilitegemea matusi, nilitegemea hata nyundo. Mwishowe aliniuliza, "Zuhura bado yuko hai?"

"Yuko Mgori."

"Basi utakwenda kumwambia. Mbele yangu. Na usiongeze neno, wala usipunguze."

Kuna wanaodhani kustaafu ni kupumzika. Mimi nimeona ni kubaki na mambo ambayo kazi ilikuwa ikiyafunika kwa kelele. Ninyi mnaochomelea leo, mkitaka kujua kiungo kilipoaje msinisikilize mimi na vichekesho vyangu. Subirini kipoe, kisha kaeni.

Tulifika Mgori jana asubuhi. Bi Zuhura alitoka ukumbini, akaniona, akafurahi, "Karibu shemeji!" Kisha akamwona aliye nyuma yangu na uso ukakunjamana. Alileta kigoda kimoja tu, akakiweka katikati ya ua, mbele yake. Nilirudi nyuma kidogo, nikamwonyesha Yohana kwa mkono: yeye ni mkubwa, yeye ni mgonjwa, akae yeye.

Yohana hakusogea.

"Kaa," aliniambia. "Wewe ndiye uliyechoma."

Nikakaa.