Kiti Hakitoki Bila Bi Mkao Kucheka

Gazeti hili linapenda kuwatangazia wasomaji wake watukufu kwamba makala haya yameandikwa bila woga, bila upendeleo na bila uhusiano wowote wa damu kati ya mwandishi na anayesimuliwa.

Anayesimuliwa ni shangazi yake mwandishi. Lakini hilo ni suala la upande wa baba, na baba amesafiri.

Saa saba mchana. Misumeno imezimwa na karakana nzima inanuka gundi na mbao mbichi. Mlangoni mwa chumba cha vanishi anatokea mwanamke mnene wa makamo, kitambaa cha kuzibia pua kikiwa kimeshushwa kidevuni. Anakohoa, anafuta mikono kwenye aproni, kisha anakaa kwenye kiti ambacho seremala mmoja amemwekea kizingitini.

Anakaa hasa. Anajimwaga, anaegemea, anapandisha mguu juu ya mwingine, anageuka kushoto kama anayemteta jirani, kisha kulia kuhakikisha jirani wa pili amesikia. Halafu anamkazia macho seremala.

"Haya, nichekeshe."

Seremala, mwanamume mrefu ambaye wenzake humwita Fundi Kimya, anakuna kisogo.

"Mke wangu kaniambia nichague, yeye au mbao. Sasa nalala karakanani. Ila mbao nazo hazinisemeshi."

"Kichekesho hicho si ulinipa jana?"

"Jana kilikuwa kiti kingine."

Anacheka. Mwili wote unatikisika, na kiti kinatikisika nao bila kulia hata kidogo.

"Kipeleke," anasema. Anapandisha kitambaa puani na kurudi kwenye vanishi. Chakula chake kimepoa kwenye bakuli.

Huyo ndiye Bi Mkao. Kwa miaka mingi kazi yake katika karakana hii ya viti ilikuwa hiyo tu: kukaa. Mwandishi, ambaye shuleni huadhibiwa kwa kufanya jambo hilohilo, alivutiwa na taaluma hiyo tangu utotoni.

"Majirani walidhani nawadanganya," anasema. "Mtu ananiuliza, 'Unafanya kazi gani?' Namwambia nakaa. Ananiuliza tena, 'Nimeelewa umekaa, lakini kazi unafanya gani?'"

Utaratibu huo uliwekwa na marehemu mwenye karakana, ambaye wote walimwita Mzee. Akiwa bado kijana, baba mkwe wake alikuja kumtembelea kwa mara ya kwanza, naye akamkalisha kwenye kiti alichokitengeneza kwa mikono yake. Mkwe alikaa vizuri, akanywa chai vizuri. Mtu akatoa kichekesho. Mkwe akacheka, egemeo likaachia, akajikuta chali mbele ya ukoo mzima.

Tangu hapo Mzee akaapa kwamba hakuna kiti kitakachotoka kwake kabla mtu hajakikalia akacheka. Na kichekesho kitolewe na seremala aliyekitengeneza, amesimama mbele ya mkaaji.

"Mzee alikuwa anasema, kama huwezi kumwangalia machoni mtu uliyemkalisha kwenye kiti chako, kirudishe mezani," anakumbuka Bi Mkao. "Hakuandika popote. Tulikuwa tunajua tu."

Bi Mkao mwenyewe alianzia kwenye vanishi. Kifua kikamkataa. Daktari alipomshauri aache harufu ile, Mzee alimhamishia kwenye kukaa kwa mshahara uleule wa mpiga msasa, ambao haukupanda wala kushuka.

Mzee alifariki mwaka jana. Mwanawe alichukua umeneja, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumleta mchoraji aandike ukutani, kwa rangi ya buluu, misingi minne ya kampuni: UBORA, KASI, UBUNIFU, FURAHA. Kila herufi ni kubwa kuliko mlango wa choo.

"Mchoraji alipofika kwenye FURAHA," anasema Bi Mkao, "meneja alipita akatuambia tuache kucheka, tunamtikisia ngazi."

Kitu cha pili alichokileta ni mashine ya kupima uimara wa viti kwa kuvikandamiza.

Haki itendeke: Meneja si mtu mbaya. Alipotafutwa na gazeti hili, alijibu kwa upole, akiwa amesimama. "Shangazi yako namheshimu kama mama yangu. Lakini hospitali inataka viti vya ukumbi mzima wa wagonjwa, na mimi nipo hapa nasubiri mtu acheke. Nitamwambia nini mteja? Kwamba leo fundi hana kichekesho?"

Basi wakakubaliana mbele ya wafanyakazi wote. Viti vya hospitali vipite kwanza kwenye mashine, kisha Bi Mkao avikalie. Akipata hata kimoja kibovu ambacho mashine imekipitisha, anabaki na kazi yake. Asipopata, anarudi kwenye vanishi, ambako mtu amepungua.

Viti vyote vilipita kwenye mashine asubuhi. Wakati wa chakula, mtu asiyejulikana aliingia vilikopangwa akiwa na bisibisi, akatoa skrubu moja ya egemeo na kutokomea nayo. Mpaka tunakwenda mitamboni, mtu huyo hajafahamika. Mwandishi alikuwapo karakanani siku hiyo kwa shughuli za kitaaluma, yaani kufagia maranda wakati wa likizo, na anathibitisha kwamba hakumwona mtu yeyote.

Mchana zoezi likaanza. Bi Mkao akakaa, akacheka, akainuka. Akakaa tena. Viti vilikuwa vizima, na vichekesho vikaanza kuadimika. Seremala mmoja aliyeishiwa kabisa alisimulia jinsi alivyokatiwa maji nyumbani, na hicho ndicho kilichochekwa kuliko vyote.

Kisha kikafika kiti kimoja cha safu ya nyuma. Fundi Kimya akajitokeza na hadithi yake ya mke na mbao. Bi Mkao akacheka. Egemeo likalia, likainama upande.

Karakana ikalipuka kwa vigelegele. Watu wakakumbatiana, mashine ikazomewa. Meneja alisubiri kelele zitulie.

"Nilichosema nimesema," alitamka. "Mama, umeshinda."

Kisha akakipindua kiti, akaangalia alama ambayo kila seremala hugonga chini ya kiti chake. Ilikuwa ya Fundi Kimya.

"Na wewe," alimwambia, "tukutane ofisini."

Fundi Kimya alikuwa anaangalia tundu la skrubu kama mtu anayeangalia mlango wa nyumba yake na kuukuta wazi.

"Meneja," Bi Mkao akasema, "hicho usikihesabu."

"Kwa nini?"

"Kimeguswa. Si kazi ya huyu."

"Kimeguswa na nani?"

"Huyo niachie mimi."

"Mama, nikikitoa hiki, vingine vyote vimepita."

"Hilo nalijua."

"Maana yake unarudi kwenye vanishi."

"Nimesikia, baba. Masikio hayajaharibika, ni kifua tu."

Wiki iliyofuata alirudi kwenye vanishi. Kwa kuwa hakutaja jina, Fundi Kimya naye hakusafishwa. Viti vyake hukandamizwa mara mbili, na wale waliopiga vigelegele sasa humuuliza asubuhi kama ameamka na skrubu zake zote.

Hata hivyo, kila mchana, kabla ya kupeleka kiti kwenye mashine, Fundi Kimya hukibeba hadi mlango wa chumba cha vanishi. Hakuna aliyemwagiza. Siku hizi wengine wanapanga foleni nyuma yake. Meneja anaiona foleni hiyo kupitia dirisha la ofisi na bado hajaizuia.

Mwandishi alimhoji Bi Mkao nyumbani kwake, sebuleni, ambako mwandishi pia hulala wakati wa likizo. Ana matumaini gani?

"Nitoke kwenye vanishi kabla kifua hakijaisha," alisema. "Nataka kazi yangu ya kukaa, sikufichi. Lakini niipate kwa kiti kibovu kweli, au Meneja achoke mwenyewe na lile dude lake. Siyo kwa mgongo wa mwenzangu."

Makala yangeishia hapo, kwa heshima na taadhima. Lakini Bi Mkao aliomba kuona yaliyoandikwa. Alisoma polepole, kisha akaweka kidole mahali fulani.

"'Mtu asiyejulikana.' Asiyejulikana na nani?"

"Na umma, shangazi."

"Mh. Na nani siku ile alinivutia kiti, akakipangusa kwa shati lake, akaniambia, 'Karibu, shangazi yangu, hiki ndicho kinafuata'?"

Mwandishi alikohoa kitaaluma.

"Tangu uzaliwe hujampisha mtu kiti. Bibi yako alisimama siku yako ya kumaliza darasa la saba, wewe umekaa, na miguu umeweka kwenye kiti cha pili. Leo adabu imekushuka kutoka wapi? Kiti kilipolia, sikuhitaji kuuliza."

"Mbona hukunitaja?"

"Nilikuwa nasubiri ujitaje. Kumbe unaniletea 'hajafahamika'. Mwenzako anasemwa kila siku, wewe unafagia maranda."

"Nilitaka ubaki pale, shangazi. Mimi nalala hapa sebuleni. Nasikia unavyokohoa."

Shangazi akanirudishia karatasi.

"Najua. Sasa andika vizuri."

Basi mtu asiyejulikana amejulikana. Ni mimi. Bisibisi niliichukua kwenye meza ya Fundi Kimya, na kiti nilikichagua bila kukipindua kuangalia alama ya mtu. Fundi Kimya hana kosa, na viti vyake havijawahi kuwa na kosa. Meneja, ukisoma hapa, mwite yeye kwanza umsafishe mbele ya wote waliomsikia akiitwa ofisini, halafu uniite mimi.

Skrubu ninayo. Nitaileta kesho asubuhi. Shangazi ameshaniambia kwamba nikifika ofisini, hata nikikaribishwa kiti, nisithubutu kukaa.