Petroli Yangu, Dumu la Mama Mkwe

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Yule niliyemsingizia ndiye aliyenifanya nishike kalamu leo. Jina langu mtanisamehe, silitaji. Wanaonijua wameshanicheka vya kutosha.

Jamani, balaa lote hili lilianza na tangi la pikipiki!

Pikipiki yangu ilikuwa na tabia ya kuzimika kila ikiona kilima. Fundi akaniambia tangi lina kutu, uchafu unashuka kwenye kabureta, nimwachie siku moja alisafishe. Nikamcheka. Nimwachie mtu pikipiki siku nzima kwa ajili ya kufungua bolti mbili tatu? Nilishamwona akifanya kazi hiyo, nikajihesabu fundi.

Jumamosi moja asubuhi mke wangu, nimwite Mama Kulwa, alikwenda mazoezi ya kwaya. Nikatoa siti, nikafunga koki, nikachomoa mpira unaopeleka mafuta kwenye kabureta, nikachomeka mwingine mrefu. Nikafungua koki. Ndipo nikakumbuka kwamba sijaandaa chombo cha kukingia!

Petroli inanimwagikia miguuni, na upande wa pili wa ukuta jirani anapuliza jiko la mkaa! Nilizunguka uani kama kuku anayetaka kutaga. Kwenye kichanja cha vyombo kulikuwa na dumu la lita tano, limeoshwa, limegeuzwa mdomo chini. Nikalinyakua.

Nilijua ni la nani, sitaki kudanganya. Lilikuwa la mama mkwe wangu wa Buswelu. Alituletea maziwa mgando, na dumu lilikuwa linasubiri kurudi kwake.

Basi tangi likatoka, nikalisukutua, ikatoka kutu ya rangi ya chai, nikalirudisha na petroli yake. Pikipiki ikawaka kwa kiki moja! Nikajisifu mwenyewe kwa sauti. Dumu nikalisuuza kwa sabuni mara mbili, nikatia na majivu, nikaligeuza pale pale kichanjani. Nikanusa. Nikajisemea, hainuki sana.

Hainuki sana! Ndugu yangu, ukijisikia unasema hivyo, jua umeshaharibu.

Sasa kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, mnajua. Na kesho yake mama mkwe alikuwa anapokea jumuiya ya kanisani nyumbani kwake, watu kama ishirini. Mama Kulwa akaona ajaze mafuta ya kula. Alikuwa na mafua makali wiki ile, pua imeziba kabisa. Akabeba dumu mpaka sokoni, kwa mama mmoja anayepima mafuta ya alizeti. Sisi tumezoea kumwita Mama Alizeti.

Mke wangu alirudi amevimba. "Baba Kulwa, yule mama amefungua dumu, amenusa, halafu ananiambia mbele ya watu, 'Dada, chombo chako kinanuka, lete kingine.' Mimi! Nikamwambia wewe pima, mimi siyo mchafu!"

Mimi nilikuwa nakunywa chai. Nikaendelea kunywa chai.

Jumapili tukaenda Buswelu mapema na lile dumu la mafuta. Kwetu Wasukuma mama mkwe si mtu wa kutazamana naye usoni, kwa hiyo yeye alikaa jikoni na mimi sebuleni na wageni. Ukaja ugali, wakaja sato wa kukaanga, wanono. Tonge la kwanza tu nikajua. Petroli! Nikameza hivyo hivyo. Ningetemea wapi?

Watu wa jumuiya ni wastaarabu, walitafuna polepole huku wakitazamana. Halafu shangazi wa mke wangu, bibi asiyeogopa mtu, akarudisha mnofu kwenye sahani.

"Huyu samaki kavuliwa ziwani au kavuliwa sheli?"

Watu walicheka mpaka wengine wakasimama! Aliyekuwa hacheki ni Mama Kulwa. Alikuwa mlangoni na beseni la kunawia, machozi yanamlengalenga. Mama yake akauliza kutoka jikoni, "Mwanangu, umeniletea nini kwenye dumu langu?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Ilikuwa sentensi moja tu. Badala yake nikakohoa, nikasema, "Siku hizi wafanyabiashara wanachakachua kila kitu."

Mdomo wangu huu! Mke wangu akadaka papo hapo. "Kumbe ndiyo maana alisingizia chombo! Alikuwa anajihami!"

Wiki haikuisha, kwaya nzima ilikuwa na habari. Kutoka kwaya ikaenda mtaani. Nilipopita sokoni na pikipiki yangu isiyozimika tena, nilimkuta Mama Alizeti amekaa peke yake, anafukuza nzi kwa kipande cha boksi. Akaniita. "Shemeji, mke wako nimemkosea nini?"

Nikamwambia nitamwuliza. Nikapiga kiki, nikaondoka. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nilivumilia wiki tatu, nikashindwa. Nikamweleza mke wangu kila kitu, kuanzia koki. Nilitegemea kelele. Akajifunga kanga. "Vaa shati. Tunaanza na mama."

Buswelu mama mkwe alikaa ndani nyuma ya mlango, mimi nje kwenye kigoda, mke wangu katikati akipeleka maneno.

"Mwambie mama, nilitia petroli kwenye dumu lake."

"Mama, anasema alitia petroli kwenye dumu lako."

Kuku akapita. Halafu sauti ikatoka ndani. "Mwambie mkwe wangu nimesikia. Mwulize, na mwanangu alimwacha alie mbele ya wageni kwa sababu ya dumu?"

Mke wangu hakulipeleka swali hilo. Aligeukia pembeni. Alijua nimelisikia.

Kwa Mama Alizeti nilikwenda peke yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nimekusamehe, shemeji. Lakini wateja walionikimbia hawajui kama nimekusamehe. Zunguka uwaambie."

Nimezunguka. Nimesimama mbele ya kwaya, wakacheka mpaka mazoezi yakavunjika. Nimesema kwenye jumuiya, nimesema kwa majirani. Lakini uongo wangu ulishafika mpaka Butimba, na huko simjui mtu.

Wewe unayetaka kutoa tangi nyumbani, sikia. Andaa dumu lako mwenyewe kabla hujagusa koki, uliandike PETROLI kwa herufi kubwa. Kaa mbali na moto. Kichanja cha mkeo kiache kama kilivyo! Na ukikosea, sema siku ile ile, samaki akiwa bado mezani.

Na wewe mama uliyeacha kununua alizeti sokoni Igogo kwa sababu uliambiwa inanuka petroli, maneno hayo yalitoka kinywani mwangu, na nilikuwa naongopa. Rudi kwa yule mama, nakuomba. Jana nimepita, bado anakaa peke yake.