Pesa za Makaburi Zamfungia Lorena Kadi ya Matibabu

Saa kumi na mbili asubuhi, Orvel Stidham amesimama ndani ya kaburi linalomfika kifuani, juu ya kilima cha Pigeon Fork, Kentucky. Anachimba kidogo, anaacha, anatega sikio barabarani. Maziko ni saa nne. Lakini jasho linalomtoka si la koleo. Gari la jirani yake, Clete, halijafika, na mkewe, Lorena, ana zamu kwenye mashine ya kusafisha damu.

Zamani hakuwa na wasiwasi huo. Lorena, miaka 71, figo zake zimekufa. Kadi ya serikali ya wazee wasio na uwezo ndiyo iliyolipia gari la kumpeleka hospitali na kumrudisha, mara tatu kwa wiki. Mwezi uliopita kadi ikafungwa. Ofisi inasema Orvel ana akiba.

"Akiba," anasema mzee huyo wa miaka 74, na kutema mate pembeni. "Hata viatu hivi ni vya marehemu shemeji."

Kila Mei, koo za bonde hili hupanda kilimani kupamba makaburi ya watu wao. Hula pamoja, kisha huchanga pesa za kukatia nyasi. Mchango huwekwa benki kwa jina la mchimbaji, kama ulivyowekwa kwa jina la baba yake. Hakuna aliyewahi kuhoji. Sasa umefika dola 4,100, na mume na mke wanaotaka kadi hawaruhusiwi kuzidi 3,000.

"Nilimwambia yule mama wa ofisini, hizo ni pesa za wafu," anasema Orvel. "Akaniuliza, 'Mzee, wafu ndio wanaokwenda benki kuzitoa?'"

Alitaka kuzihamisha siku ileile. Akaambiwa akizihamisha itaonekana anazificha. Akiziacha, ni tajiri. Wakubwa walioitunga sheria hiyo wana mali kwa majina ya wake zao na mawakili wao, wala hawaulizwi. Anayeulizwa ni mchimba makaburi.

Jumatano iliyopita gari la Clete lilizimika njiani. Lorena akakosa zamu. Kufika jioni miguu ilikuwa imevimba, anavuta pumzi kama mtu anayeiiba.

Leo gari linasikika. Orvel anateremka mbio hadi nyumbani, chini ya kilima, na kumshika mkewe mkono.

"Tajiri, umeamkaje?" Clete anamtania dirishani. "Nikopeshe ya mafuta basi."

"Kamkope mama yako. Yuko kilimani, safu ya tatu, na mchango wake umo."

"Nyamazeni, nyinyi," anasema Lorena, akiketi taratibu. "Mimi nataka kufika."

Jumatatu Orvel atasimama mbele ya jaji wa rufaa. Watu wa Pigeon Fork hawapendi kula kiapo mbele ya serikali. Wengi waliowahi kufanya hivyo walirudi na faini. Hata hivyo koo sita zimekubali kutoa mtu mmoja mmoja, aseme pesa ni zao. Jaji akiridhika, mchango utahamia kanisani na kadi itarudi.

Asiporidhika?

Orvel analitazama gari mpaka linakata kona.

"Asiporidhika, pesa hizo nitazinunulia mafuta, Lorena aende mpaka ziishe. Nyasi na ziote. Wafu nitawaomba radhi mwenyewe."