Ernestine na Mkono wa Bibi Paraskeva

Habari hii hamtaisadiki, nami sitawalaumu. Hata mimi niliyekuwamo, mtu wa macho makali kuliko tai wa Mto Mississippi, siku nyingine huamka nikajiuliza kama sikuota. Lakini maneno yamekwisha kuanza kanisani kwetu, na maneno ya kanisani huenda mbio kuliko gari langu. Kwa hiyo nimeona heri niyaandike mimi, Mjomba Sosthène, niliyeishia darasa la sita kwa sababu walimu walikuwa wamenimalizia yote waliyoyajua.

Habari ni ya Ernestine, mtoto wa dada yangu. Mnamfahamu. Ni yule mama mrefu, mkimya, anayekaa na watoto wachanga katika chumba cha nyuma wakati wa ibada, ambaye humnyamazisha mtoto kwa kumwekea mkono mgongoni tu. Basi ni huo mkono. Tangu majira ya baridi yaliyopita kuna kina mama wanaokaa na watoto wao mapajani ibada nzima, wanatoka jasho, wanakosa mahubiri, mradi tu wasimpe Ernestine awashikie. Wanasema mkono ule ulipokea kitu.

Nitawaeleza ulichopokea.

Kazi ya Ernestine ni kutunza wazee majumbani mwao. Kuwaogesha, kuwageuza kitandani, kuwalisha uji kwa kijiko kidogo. Mwaka huu wa 2014, baridi ilipozidi hata shule zikafungwa, alikuwa akimtunza bibi mmoja upande wa kaskazini-mashariki wa Minneapolis, mtaa ule wa makanisa yenye vichwa mfano wa vitunguu. Betri ya gari lake ilikufa, kwa hiyo nikawa namchukua mimi kutoka Maplewood kila asubuhi. Hakuna dereva wa theluji kama mimi katika Minnesota nzima. Wenyeji wenyewe huniangalia wakajifunza.

Bibi huyo aliitwa Paraskeva. Alitoka Ukraine, kwenye milima. Alikimbia vita vile vikubwa vya wazungu akiwa msichana, akakaa kambini Ujerumani, ndipo akaletwa hapa, mkimbizi na sanduku lake kama sisi tulivyoletwa. Alikuwa na binti mmoja, Orysia, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mtu asiyeamini hata utabiri wa hali ya hewa. Na alikuwa na kazi yake moja ambayo mtaa mzima uliijua. Mtoto akiamka kila usiku akilia kwa hofu, mama yake alimpeleka kwa Bibi Paraskeva. Bibi aliyeyusha nta ya nyuki, akashika bakuli la maji baridi juu ya kichwa cha mtoto, akaimimina nta majini huku akinong'ona sala. Nta ikiganda aliigeuza, akaitazama upande wa chini, akasema mtoto aliogopeshwa na nini. Mbwa. Moto. Baba mlevi. Nao watoto walilala.

Kwao mtu kama huyo huitwa vidma, maana yake yule ajuaye. Sisi tungesema mchawi, na wengine wao pia humaanisha hivyo hivyo. Orysia alimweleza Ernestine kwamba kijijini kwao vidma ndiye aliyelaumiwa ng'ombe wa jirani akikauka maziwa. Mvua ikikataa kunyesha, wanawake waliotuhumiwa walipelekwa mtoni wakatoswa: anayeelea ni mchawi, na anayezama, basi, pole yake. Nyanya yake Paraskeva alipelekwa mtoni hivyo. Mbona ni kama kwetu, ninyi watu wa Kivu? Tofauti ni mto tu.

Hapo ndipo lazima niseme juu ya dada yangu Dinah, mama yake Ernestine, ingawa Ernestine hapendi nimtaje. Surua iliwaua watoto wa shemeji yake wote. Dinah ndiye aliyekuwa akiwabeba mgongoni, kwa hiyo ikasemwa ni yeye. Akatengwa kwenye kibanda ukingoni mwa migomba. Alipougua, shangazi zake Ernestine walimwambia msichana: mchawi anayekufa ukimshika mkono, anakuachia vitu vyake. Chakula cha mama yake msichana alikisukuma kwa fimbo hadi mlangoni. Siku ya mwisho mkono wa Dinah ulitokea chini ya mlango, kiganja juu, ukingoja. Ernestine alisimama pale akiutazama mpaka ukaacha kungoja.

Hilo Bibi Paraskeva hakuambiwa na mtu. Ila mara ya kwanza Ernestine alipofanya kazi pale, Bibi akiwa bado anatembea, alimwona anashtuka kila mlango unapofungwa. Akamkalisha kwenye kiti cha jikoni, mama mzima mwenye watoto, akammiminia nta. Akaigeuza. Akaonyesha kwa kidole ile nta, kisha akaonyesha mlango wa jikoni. Ernestine alikileta kile kipande nyumbani nikakitazama. Kwangu mimi kilifanana na kiatu. Lakini yeye alilala usiku ule bila kuamka, na mumewe Bagalwa atawaambia hilo lilikuwa halijatokea tangu wafunge ndoa.

Sasa Januari ile Bibi akawa wa kufa. Na hafi.

"Mjomba," Ernestine aliniuliza ndani ya gari, "umewahi kuona mtu anakataa kufa?"

"Wengi. Mimi mwenyewe nimekataa mara kadhaa."

"Sifanyi mzaha. Nesi anasema mwili umekwisha. Hali, hanywi, lakini anaugua tu, anaunyoosha mkono wa kulia anatafuta. Binti yake anakaa naye mikono makwapani."

"Binti si haamini mambo hayo?"

"Haamini. Lakini mkono hatoi. Tazama barabara, Mjomba."

"Barabara ndiyo inanitazama mimi."

Hakucheka. Tulipofika aliniambia niingie nijipashe moto, maana gari lilikuwa halishiki joto. Ndivyo nilivyokuwamo. Jua lilikuwa limewaka juu ya theluji, chumba cheupe mpaka macho yanauma. Bibi Paraskeva alikuwa mdogo kitandani kama nguo zilizokunjwa, ila ule mkono ulikuwa juu, vidole vinafunguka na kufunga. Sauti aliyoitoa sitaielezea. Orysia alisimama dirishani, macho mekundu. Kwenye televisheni iliyozimwa sauti, vijana wa Kiev, mji mkuu wa kwao, walikuwa wanachoma matairi.

"Vidma hawezi kufa mpaka amkabidhi mtu alichonacho," Orysia alisema, bila kututazama. "Ndivyo mama mwenyewe alivyokuwa akinisimulia. Ni upuuzi. Amenifundisha upuuzi huo tangu nikiwa na miaka minne, na sasa siwezi kuutoa mkono wangu kwapani."

Kisha akatoka, akarudi na ufagio. Kwao, alisema, mtu akiogopa kuutoa mkono, mgonjwa hushikizwa mpini wa ufagio, kitu kikaingia kwenye mti, ufagio ukachomwa. Mwalimu wa hesabu huyo. Akauweka mpini kiganjani mwa mama yake. Bibi aliushika. Akaupapasa. Akauachia ukaanguka sakafuni, na machozi yakaanza kumtoka pembeni, yakiingia masikioni.

Ernestine alikwenda upesi. Alikuwa amevaa glavu zake za kazi, zile za mpira, maana sheria ya kazi ni hiyo, usimguse mgonjwa bila glavu. Akautia mkono wake katika mkono wa Bibi. Bibi akapapasa tena, taratibu, akafika kwenye mpira, akausukuma mkono ule kama alivyousukuma ufagio.

Ndipo Ernestine akarudi nyuma hadi akauegemea mlango. Nilimjua msichana yule aliyesimama pale. Nilikuwa sijamwona tangu Kivu.

"Usimpe," Orysia alisema. "Ernestine, wewe si mtu wake. Ukimpa mkono, alichonacho ni chako."

Ernestine akaniangalia mimi. Akaniuliza kwa Kimashi, lugha ya nyumbani, ambayo siku hizi tunaitumia misibani tu, "Mjomba, nikiutoa, kanisani watasemaje?"

Mimi ambaye sijawahi kukosa jibu tangu nizaliwe, nilisema, "Watasema."

"Watawaondoa watoto mikononi mwangu."

"Watawaondoa."

Ninyi mnaosoma, msidhani hakuogopa. Mama huyu anajua neno lile, mchawi, likishakuingia mwilini halitoki kwa sabuni. Alikwisha kuona linavyomla mtu hadi likamlaza chini ya mlango. Na hapa ana watoto wake, ana kazi yake, ana kile chumba cha nyuma anachokipenda kuliko nyumba yake. Aliyaona yote hayo akiwa amesimama pale. Niliyaona yakipita usoni mwake moja moja.

Kisha akaivua glavu. Aliivua kama wanavyofundishwa, kwa kuigeuza ndani nje, akaitupa kwenye pipa. Akaketi kitandani, akamshika Bibi Paraskeva mkono, nyama kwa nyama.

Bibi akanyamaza.

Ernestine alimsemesha kwa Kimashi. Alimwambia niko hapa, mama. Niko hapa, nimeingia. Alirudia hilo la kuingia mara nyingi. Orysia hakuelewa lugha, lakini alikaa sakafuni, akakiweka kichwa chake kwenye ukingo wa godoro, na baada ya muda akautoa mkono mmoja kwapani akaushika mguu wa mama yake juu ya blanketi.

Pumzi za Bibi zilikuwa zikitoka moja moja, kwa nafasi, sasa. Orysia akanyanyua uso, akaniuliza kama ninaweza kufungua ubao wa dari. Kwao, roho ya mtu wa namna ile haipiti mlangoni. Hufunguliwa ubao juu ya kitanda. Dari ya chumba kile ilikuwa ya mbao, aliipigilia mumewe Bibi kwa mikono yake. Nilileta ngazi kutoka gereji na mtaimbo, nikaung'oa ubao mmoja. Ile sufi ya rangi ya waridi wanayojaza huko juu kuzuia baridi ikanimwagikia kichwani na shingoni. Iliniwasha hadi Pasaka. Nikaisukuma kando. Baridi ikashuka kama maji.

Bibi Paraskeva akafa mchana huo, mkono wake ukiwa katika mkono wa Ernestine. Ernestine hakuuachia mara moja. Aliushika hadi ukapoa, kisha akauosha, akauweka juu ya kifua pamoja na mwenzake.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Jumatano iliyofuata alisimama mwenyewe katika maombi ya kina mama, mbele ya Mama Maombi anayeyaongoza, akawaeleza yote, nta, ufagio, glavu. Alisema, "Nawaambieni mimi kabla hamjasikia kwa mwingine. Mama yangu niliambiwa nisimshike, nikatii. Huyu nimemshika."

Mama Maombi, ambaye anamjua kila mchawi wa kutoka Uvira hadi Bunia kwa jina, akamwuliza, "Na mkono huo umeunawa?"

"Ninaunawa kila siku, mama. Nafanya kazi na wagonjwa."

"Lete."

Ernestine akauleta. Mama Maombi akaugeuza kiganja juu, akaukagua kama anayechagua maharage kabla ya kuyapika. Akamchukua mjukuu wake Uwase, aliyekuwa analala begani kwake, akamlaza juu ya mkono ule. Mtoto akaendelea kulala.

Lakini hao wengine bado wamekaa na watoto wao mapajani. Ni kwa ajili yao naandika, ili wajue kilichotukia chumbani mle, neno kwa neno, kutoka kwa shahidi aliyekuwa juu ya ngazi, mahali pazuri kuliko pote. Maana kuna jambo moja nimelibakiza. Pumzi ya mwisho ilipotoka, mimi kichwa changu kikiwa ndani ya dari, niliona kitu cheupe kikipanda kutoka kitandani, kikanipita sikioni kwa mlio kama wa mabawa, kikubwa kiasi cha bata mzinga, tena chenye macho ya moto yaliyoniangalia kama yananifaha—

"Mjomba."

Ni Ernestine, amesimama nyuma yangu, koti la kazi mwilini, kikombe cha chai mkononi. Sijui ameanza kusoma tangu wapi.

"Wewe hukuwa juu ya ngazi. Ulikuwa jikoni unaosha shingo, unalalamika."

"Nilikuwa njiani kurudi."

"Hakuna kilichotoka. Andika hivyo. Ukiwaambia kimetoka kitu, watauliza kiliingia wapi."

Haya. Ameketi, ananitazama ninavyoandika. Hakikutoka kitu, ndugu zangu. Alikufa bibi mmoja ameshikwa mkono. Kilichopita kwenye ule ubao ni upepo tu, upepo wa Januari, ingawa upepo wenyewe ulikuwa na nguvu ambazo mimi katika maisha yangu yote sijapata kuziona, maana uliinua pazia, ukainua ufagio, ukaniinua hata mimi na kilo zangu zote—

"Mjomba."